Gurudumu la 600 linadunda: ni beringi au ninunue jipya?

MamaRubi: Wadau, hamjambo. Nakata mawe hapa Ngara, chumba cha nyuma ya duka la shanga. Kazi yangu kubwa ni kabochoni (mawe ya mgongo wa mviringo, yasiyo na pembe) za rubi ya Mangare, ile yenye ukungu isiyopitisha mwanga. Mashine ina magurudumu sita ya almasi ya inchi 6, namba ikipanda punje zinakuwa laini zaidi: la 80 na la 220 ni ya chuma, halafu 280, 600, 1200 na 3000 ni yale laini.

Tangu wiki jana la 600 linadunda. Nikigusisha jiwe nasikia tu-tu-tu kwenye kidole, na mgongo wa jiwe unatoka na vibapa vidogo ambavyo la 1200 halivifuti, linaving'arisha tu. Shemeji yangu ni makanika Kirinyaga Road na ameapa ni beringi. Kwake kila kitu ni beringi, hata friji yangu ilikuwa beringi. Jumapili anakuja na spana zake kuifungua mashine nzima. Gurudumu jipya nalo mpaka liagizwe nje, na pesa hiyo ni karo ya mtoto. Nisaidieni kabla ya Jumapili.

kijana_wa_msasa: Chukua msasa ulisawazishe pale palipoinuka. Dakika mbili.

FundiKariobangi: Dada, usiguse msasa! Almasi iko kwenye ngozi nyembamba tu ya juu. Ukiikwangua umejinunulia gurudumu jipya.

Na shemeji atulie kidogo. Beringi ikifa magurudumu yote hulalamika, si moja. Toa mkanda kwenye puli, zungusha shafti kwa mkono. Ikienda laini bila kukwaruza wala kucheza, achana nayo.

Swali langu: shafti ilitoka kiwandani au ilikerezwa huku kwetu? Tundu la magurudumu mengi ni inchi moja, yaani milimita 25.4. Fundi anakukerezea ya 25 kwa sababu ndicho chuma alicho nacho, gurudumu linakaa upande mmoja, na hiyo nafasi ndogo unaisikia kidoleni. Nimeshaletewa mashine za hivyo, na mwenye nayo amebadilisha magurudumu mawili bila faida.

Pima hivi. Weka penseli juu ya kipande cha mbao, ncha iguse gurudumu kidogo tu, kisha lizungushe kwa mkono. Pale panapochoreka ndipo palipoinuka. Tia alama hapo na kwenye shafti pia. Legeza nati, geuza gurudumu nusu mzunguko, kaza, rudia. Uvimbe ukihama pamoja na gurudumu, ubovu ni wa gurudumu. Ukibaki upande uleule wa shafti, tafuta bushi (ile pete kati ya tundu na shafti) au shafti.

mzee_wa_akiki: Mama, maji yako yanatoka wapi? Kama ni ndoo iliyowekwa juu na mpira, niambie stima ilipotea lini.

Gurudumu laini lina sponji chini ya ile ngozi. Likisimama huku maji yanadondoka, sponji inakunywa upande mmoja tu. Asubuhi ukiwasha, upande huo ni mzito na umefura. Lifungue, lilaze penye upepo, si juani, siku tatu au nne. Ukilirudisha, lizungushe tupu dakika kumi kabla ya kazi.

Angalia nati lakini. Kama shafti ina ncha mbili, ya kushoto mara nyingi ina uzi wa kinyume, inafunguka upande ambao mkono wako unadhani inakaza. Na ukirudisha usikaze kwa hasira, kitovu ni plastiki.

Halafu, kwa rubi yako, la 80 ndilo litakalotangulia kuisha. Rubi ina ugumu wa 9, na almasi ya pale ni tabaka moja juu ya chuma. Ukiona chuma kinang'aa, hapo ni kubadilisha tu. Jipya likija lifundishe kwanza na kipande cha akiki kisicho na mteja, maana punje zilizochomoza huchimba mikwaruzo ambayo utaifukuza mpaka la 1200. Na vunja pembe kali za jiwe kwenye la 220. Pembe ya rubi inapasua ngozi ya gurudumu laini kama wembe.

MamaRubi: Mzee, umenifumania. Jumanne stima ilipotea saa kumi jioni, tukangoja, tukafunga tukaenda nyumbani. Ndoo ilikuwa imejaa. Asubuhi ilikuwa tupu na sakafu ina ziwa, nikamgombeza kijana wangu wa kazi kwa kumwaga maji.

Nimefanya ya penseli. Uvimbe umehama na gurudumu. Nilipolitoa nikaliinamisha, maji yalichuruzika kutoka upande mmoja, karibu kikombe cha chai. Nati ilikuwa ya kushoto, na kijana alikuwa ameshaining'inia kwa spana upande usio wake kabla sijasoma hapa.

Limekauka siku nne, nimelirudisha jana. Bado kuna kadundo kadogo, nasikia nikiwa na jiwe dogo tu. Mpira nimeuwekea koki, na kijana kaandika ukutani kwa makaa: FUNGA MAJI. Shemeji alikuja Jumapili hivyohivyo. Amekula, amesikiliza mota, amesema beringi.

FundiKariobangi: Mpe friji nyingine atulie.