Mrejesho: Mbio na masomo ya mwaka wa pili

Niliuliza namna ya kurudi chuoni hapa Mombasa bila kuacha mbio za mita 1,500, kwa kuwa vipindi vya maabara vya alasiri viligongana na mazoezi ya timu. Nilifuata ushauri wenu, nikamwona mkufunzi wa michezo kabla ya muhula kufunguliwa, ratiba mkononi, maabara nimezizungushia wino mwekundu. Naye akaniruhusu kukimbia alfajiri, baada ya sala, kando ya bahari pale Mama Ngina. Wakati huo unanifaa mno, kwani jua likishapanda, unyevu wa hewa ya pwani hauachi jasho likauke na mwili huchemka upesi. Jumamosi nafanya mazoezi na wenzangu. Dada uliyenisihi nisijitoe kwenye timu, ahsante sana, nimeshasajiliwa.