Naoa Scotland, nivae kilti ya ukoo gani?

Mtanga_Glasgow: Wakuu, salaam. Naoa mwezi ujao huku Glasgow, mchumba ni Mskoti. Wanaume wote watavaa kilti, ile sketi yao ya marinda, na kila ukoo una drafti yake. Mimi mtu wa Tanga sina ukoo huku. Nimependa moja ya kijani kilichokolea, buluu na nyeusi. Nivae? Silali.

Bi_Rukia: Mwanaume aoe na sketi? Kanzu zimeisha?

Mzee_Kikoi: Bibie, babu zetu wamevaa msuli na kikoi maisha yao yote. Mie mwenyewe nilimposa mke wangu Lamu nimejifunga kikoi cha kuazima, mkwe akakitambua ni cha nduguye!

Fundi_Cherehani: Kilti kamili inakula hadi yadi 8, marinda yote nyuma, mbele bapa. Hiyo drafti ni ya ukoo gani?

Mtanga_Glasgow: Dukani wamesema Campbell.

Fundi_Cherehani: Na mkwe?

Mtanga_Glasgow: Mkwe hana neno.

Fundi_Cherehani: Nimeuliza ukoo, mkuu.

Mtanga_Glasgow: MacDonald, asili yao Glencoe. Lakini nimeshalipa, marinda yameshashonwa. Mambo ya 1692 mimi yananihusu nini?

Mwl_Historia: Yanakuhusu. Askari wa Robert Campbell walikula na kulala kwa akina MacDonald karibu wiki mbili. Alfajiri ya Februari 13 wakawageukia wenyeji, wakaua watu wapatao 38. Chumvi ya watu ile!

Kaka_Mashaka: Chai hii. Glencoe unaijua, mwaka unaujua, halafu ukanunua Campbell?

Mtanga_Glasgow: Si chai, ndugu. Nimesoma juzi, baada ya kulipa. Mchumba hajaiona, nilitaka nimshtukize siku yenyewe.

Mwl_Historia: Basi tulia. Mwaka 1692 koo hazikuwa na drafti rasmi. Tartani, yaani hicho kitambaa cha drafti, ilipigwa marufuku kwa wanaume wa milimani Scotland 1746, ikaruhusiwa tena 1782, na mtindo wa kila ukoo na yake ukashika kasi mfalme George IV alipozuru Edinburgh 1822. Tena hiyo yako ndiyo ya Black Watch, kikosi cha jeshi cha Waskoti. Sema ni ya jeshi.

Bi_Rukia: Asiingie kwa watu na maneno ya kupanga. Amwonyeshe mzee kabla.

Mtanga_Glasgow: Dada Rukia, nimekusikia. Iko hapa kitandani, pini yake kubwa nimeitoa na kuirudisha mara tatu. Jumamosi naibeba kwa mzee.

Mzee_Kikoi: Beba na kikoi, mwanangu.