Gesi asidi za tanuri la saruji linalochoma taka: chokaa, bikaboneti au kuosha moshi?

mwanapwani_jambiani
Assalaam alaykum. Sisi tunaokota taka ufukweni Jambiani, Unguja. Kila wiki ni magunia ya chupa, viatu, vipande vya mabomba. Limezuka wazo la kuzifunga marobota na kuzivusha bara zikachomwe kwenye tanuri la saruji, badala ya kurundikwa jaa la Kibele. Wazo nalipenda, ila roho inasita kwa moshi wake. Nasikia kuna njia tatu: kupuliza unga wa chokaa, kupuliza sodiamu bikaboneti, au kuosha moshi kwa maji. Ipi inafaa? Sitaki kuwatwisha wenzetu sumu yetu.

fundi_klinka
Wa alaykum salaam, dada. Nimefanya kazi tanurini bara miaka mingi. Kwanza ujue tanuri lenyewe linanasa asidi. Mawe yakifika kama nyuzi 900 yanageuka chokaa hai, na hiyo inanyonya sehemu kubwa ya salfa na klorini ya fueli kabla haijafika kwenye dohani.

Taabu iko juu. Mawe mengine yana pairaiti, yaani salfa iliyoshikana na chuma. Inaungua kwenye saikloni za juu, yaani vyumba vya mnara ambamo unga wa mawe hupashwa moto kabla ya kuingia tanurini, nyuzi 300 hadi 600, ambako chokaa hai bado ni haba, ikapanda na moshi, taka ziwepo zisiwepo. Hapo mimi nachagua unga wa chokaa iliyozimwa. Unashika asidi, vumbi lake linarudishwa ndani na kuwa klinka, yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji. Hakibaki kitu cha kwenda kutupa.

mwana_wete
Chokaa naikubali, kaka, lakini mawe yakiwa na salfa nyingi sana haitoshi. Kuosha moshi kwa maji yenye chokaa huondoa zaidi ya asilimia 90, na kinachotoka ni jasi, ambayo kiwanda huihitaji wakati wa kusaga saruji. Ila mtambo wake ni ghali na unakunywa maji.

Bikaboneti ni kali kwa asidi ya klorini, lakini ina sodiamu. Vumbi lake likirudi tanurini, alkali, yaani sodiamu na potasiamu, inaongezeka kwenye saruji, na zege lenye kokoto za silika fulani huja kupasuka baada ya miaka. Kwa saruji siitaki.

mwanapwani_jambiani
Na klorini ya plastiki zetu inaishia wapi?

fundi_klinka
Inazunguka. Inaungana na alkali, inakuwa mvuke, inapanda, inapoa na kuganda kwenye kuta za saikloni. Nimesimama mbele ya kijimlango na chuma kirefu nikichokonoa utando mgumu kama mwamba, uso unababuka. Viwanda vingine vinatoboa njia ya pembeni kuitoa gesi yenye klorini, na vumbi lake linakuwa mzigo mpya. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuipunguza ni yenu, dada: PVC, plastiki ya mabomba, ina klorini zaidi ya nusu ya uzito wake, na taka za ufukweni zimejaa chumvi, ambayo nayo ina klorini.

bi_mkunazini
Wanangu, ulizeni pia vipimo vya lini. Kinu cha mawe kikiwa kinasaga, moshi unapita ndani yake na unga mbichi unanyonya salfa. Kikisimama kwa matengenezo, salfa inapanda. Anayewaonyesha vipimo vya siku za kinu kinachosaga tu, msimkubali. Ulaya, tanuri linalochoma taka halitakiwi kuzidisha miligramu 10 za haidrojeni kloraidi kwa mita ya ujazo, wastani wa siku, na 1 tu ya haidrojeni floraidi. Mimi ningedai hivyo hivyo, kwa maandishi, kabla robota la kwanza halijapakiwa.

mwanapwani_jambiani
Ahsante bibi, nitaliandika. Jumamosi tunaweka mapipa ya maji ya mvua tusuuze chumvi. PVC nitaijuaje?

mwana_wete
Pipa hilo hilo litakuchambulia. Kata vipande, vizamishe, vitikise hewa itoke. Polithini na polipropilini huelea, PVC huzama. Chupa za maji na nyavu za nailoni nazo huzama, lakini hizo unazitambua kwa macho. Kilichozama usichokijua, kiweke kando.