Mrejesho: mazingira ndani ya masomo, hapa Kasese, Uganda

Wadau nimerudi. Mi ndo yule ticha niliuliza tufundisheje mazingira bila kuongeza kipindi maana ratiba imeshajaa. Mmoja akasema anzeni na mto wenu, basi tukaanza na Nyamwamba, huu uliofurika 2013 na tena 2020, P5 (darasa la tano) kwenye hesabu wanapima mvua kwa chupa ya soda iliyokatwa na rula, P6 sayansi wamepanda mianzi ukingoni ishike udongo, Kiswahili wanahoji wazee mto ulipita wapi zamani. Shida mbuzi, wamekula nusu ya miche na mwenye mbuzi ni mwenyekiti wa wazazi hahaa. Watoto wameshachora grafu ya miche iliyoliwa, wanataka ibandikwe kwenye mkutano Ijumaa, mi nimenyamaza tu.