Yule fundi wa Kariakoo KAIKWANGUA lebo ya galatoni (gitaa kavu, lisilo la umeme) la babu yangu na BISIBISI!!!

Wakuu natoka Kariakoo sasa hivi, mikono bado inatetemeka, niko kwenye daladala naandika hivi hivi, nikikosea herufi mnivumilie. Yule fundi magitaa, mnamjua, hakuna mpiga gitaa Dar hii asiyemjua, yule anayejiona kila gitaa lililoingia nchi hii limepita mikononi mwake. KAIKWANGUA LEBO. Na bisibisi. Mimi nimesimama pale pale namwangalia!

Ngoja nianze vizuri. Babu yangu mzaa baba alienda Sauzi na Wenela, wale waliokuwa wanaajiri watu wa migodini, kuchimba dhahabu, akarudi Tukuyu 1959 na blanketi, sanduku la bati na galatoni. Hilo gitaa limepigwa harusi za mashangazi zangu wote, likaja kulala darini miaka na miaka, panya wanapita juu yake, na halina hata ufa wa kupitisha unywele. Mwezi uliopita nikarithishwa mimi, nikasema kabla sijaligusa nijue kwanza ni modeli gani na lina thamani gani. Kuuza siuzi, nataka kujua tu.

Na nilikuwa nimeshasomasoma. Usipige vanishi maana ukishagusa rangi yake ya kwanza thamani imeporomoka, vikazio vya nyuzi viache hata kama vina kutu, briji usibadilishe, na kabla ya yote chungulia ndani ya tundu usome lebo. Na lebo ILIKUWEPO. Imefifia, kona moja imeliwa na mende, lakini Gallotone, chapa ya magitaa ya Sauzi, inasomeka kabisa.

Basi nikampa. Hakukaza hata uzi mmoja. Kaligonga mgongoni kama mtu anachagua tikiti maji, anasema plaiwudi hii. Sawa, plaiwudi, ukitazama ukingo wa tundu matabaka unayaona, nani kakataa? Nikamwambia mzee soma lebo basi. Akanijibu "galatoni ni gitaa lolote kavu mdogo wangu, lebo ya nini, likaratasi linameza sauti tu", sijafumba mdomo bisibisi imeshaingia, kwaruu kwaruu, halafu akapuliza PHUUU, vumbi la lebo ya babu yangu likanirukia usoni. Panya wameshindwa miaka sitini, mende wameshindwa, yeye sekunde nne!

Halafu ndo anataja bei. "Elfu thelathini, na hapo nimekuonea huruma, hutaki kawashie jiko." Kawashie jiko!! Mtu mzima na mvi zake!

Hivi anajua hilo neno galatoni analolitamka limetoka kwenye lebo hiyo hiyo aliyoipuliza? Wazee walirudi na magitaa yameandikwa Gallotone, wakayaita galatoni, mpaka leo kila gitaa kavu ni galatoni. Yeye kaipuliza. Phuuu. Jamani.

nyuzi_sita: Dah, pole sana mkuu. John Lennon wa Beatles siku anakutana na mwenzake Paul McCartney, Julai 1957, alikuwa na Gallotone Champion ya Sauzi hiyo hiyo. Ndani lebo yake inatoa dhamana kwamba gitaa halipasuki, na halipasuki kwa sababu ya hiyo hiyo plaiwudi anayoidharau. 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000.

Komredi Togwa: Aaah kumbe, mleta uzi ameshaanza kupiga hesabu ya pauni 😂😂 Mwenye bei pale ni Lennon, sio plaiwudi. Babu yako alikutana na McCartney wapi, stendi ya Tukuyu?

Mjukuu wa Wenela (mleta uzi): Nani kataja pauni? Nimesema LEBO. Kaikwangua mbele yangu!

Bi Kisamvu: Uzi bila picha majungu. Weka picha ya lebo.

Mjukuu wa Wenela (mleta uzi): Bi Kisamvu umesoma kweli? Lebo HAIPO. Nipige picha ya mikwaruzo?

Mtoto wa Likasi: Gallo, kampuni ya Sauzi yenye hiyo Gallotone, ndo waliotoa santuri za mpiga gitaa wa Kongo Jean Bosco Mwenda, Hugh Tracey, yule mrekodi wa muziki wa Afrika, kamrekodi kule kwetu Likasi 1952, enzi hizo mji unaitwa Jadotville. Mkuu usikate tamaa, chukua kioo kidogo cha kunyolea na tochi ya simu, mulika mihimili ndani chini ya uso wa gitaa, halafu linganisha umbo la kichwa, vikazio na urembo wa kuzunguka tundu na Gallotone zingine. Modeli itajulikana. Ila lebo ndo imeenda hivyo.

Mzee Freti: We una afadhali. Huyo huyo nilimpelekea Yamaha FG-180 ya marehemu baba, ile lebo nyekundu ya Nippon Gakki, jina la zamani la kampuni ya Yamaha, zilianza kutoka 1966, watu wanazitafuta sana siku hizi. Kafunga nyuzi nene kama waya za kuanikia nguo, hajalegeza hata kidogo, wiki mbili briji imeng'oka na kipande cha uso. Akanidai hela ya gundi!

Komredi Togwa: Kosa lenu. Mtu anauza na chaja za simu hapo hapo mnampelekea urithi.

Mjukuu wa Wenela (mleta uzi): Ningejuaje ana bisibisi mkononi? Alikuwa ameishika kama kalamu!

dada_Mbagala: Mafundi wote baba yao mmoja. Mimi wa sofa kanirudishia sofa kitambaa kipya, ndani katoa sponji kaweka magunia. Wageni wakikaa wanashuka kama kwenye kisima.

nyuzi_sita: 😂😂 sponji anauzia mwingine hiyo

Bi Kisamvu: Afadhali sofa. Wangu wa friji kaja na mtungi wa gesi kaondoka nao mzito kuliko alivyokuja nao, friji sasa naweka vyombo.

dada_Mbagala: Bi Kisamvu huyo anapita na baiskeli nyekundu?

Bi Kisamvu: HUYO HUYO

Mzee Freti: Kwani Mbagala kapita lini, maana mimi nimemwachia freza tangu Jumanne