Shule ya watoto inayoendeshwa kwa fedha za watalii: wageni waingie darasani au wabaki nje?

Mwl_Migombani (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha shule ndogo ya awali hapa Mto wa Mbu, upande wa chini kwenye migomba, karibu na majaruba ya mpunga. Watoto ni wa miaka minne hadi sita, na mama zao wengi ni vibarua wa kupalilia na kuvuna, wanatoka nyumbani alfajiri. Hawalipi ada. Mtu ataniuliza mbona darasa la awali la serikali halina ada tangu 2016. Ni kweli, na wakishakua kidogo tunawapeleka huko. Lakini kutoka huku kwetu mtoto lazima avuke barabara kuu ya Makuyuni kwenda Karatu, ile ile wanayopita wote wanaokwenda Ngorongoro, na saa moja na nusu asubuhi mzazi wa kumvusha ameshaingia kwenye tope.

Fedha yetu inatoka kwa watalii. Kuna kampuni inaleta wageni kutembea kijijini kwa miguu na kwa baiskeli: migombani, kwa wachonga vinyago, kwenye mpunga, kisha chakula cha mchana kwa mama lishe. Kwa kila mgeni sisi tunapata dola tano. Hizo ndizo zinalipa walimu wawili, mpishi na mlinzi, zinanunua unga wa uji, sukari, kuni na chaki. Miaka yote wageni wamekuwa wakipita nje ya uzio, wanaambiwa hii ndiyo shule mnayoichangia, wanapunga mkono, wanaendelea.

Sasa kampuni ina meneja mpya. Anataka kuanzia Juni, kila siku yenye wageni, saa nne asubuhi waingie darasani nusu saa. Watoto waimbe, wageni wagawe kalamu na pipi, wapige picha. Anasema mgeni akimwona mtoto kwa macho anatoa zaidi. Ametuletea kundi la majaribio, na nilichokiona ndicho kimenifanya niandike hapa.

Tulikuwa na vizibo vya soda kwenye mkeka, tunahesabu. Kuna binti ambaye tangu aanze shule hesabu yake inafika nne kisha inarukia saba. Asubuhi ile alikuwa anavisogeza kwa kidole, kimoja kimoja, tatu, nne, tano. Akanyanyua macho aone kama nimeisikia ile tano. Hapo hapo mlango ukafunguliwa. Wakaingia watu wazima wengi wenye kamera, darasa zima likasimama kuimba, vizibo vikakanyagwa. Mama mmoja mgeni, na ninaamini nia yake ilikuwa njema kabisa, akambeba yule binti ili apigwe naye picha. Mtoto alikakamaa mikononi mwake kama gogo. Walipoondoka, waliokosa pipi walikuwa wanalia, uji umepoa, na binti hakurudi tena kwenye mkeka. Siku yetu ya masomo iliishia pale, saa nne na nusu.

Nikikataa naogopa dola tano zitahamia kijiji kingine. Mweka hazina wa kamati anasema tukubali. Wazazi wamegawanyika, maana wapo ambao watoto wao walipewa viatu. Wenye uzoefu, kwenu mnafanyaje? Na Aprili na Mei, wageni wakikatika, mishahara mnaitoa wapi? Nawasilisha.

Usukani_Kaskazini

Pole na kazi, Mwalimu. Mimi ni dereva na muongoza wageni, hiyo njia yenu naipita msimu mzima.

Meneja anasema wageni wanataka kuona watoto. Mimi ninayekaa nao garini kutwa nakwambia wanachoniuliza wakitoka kwenye shule za namna hiyo: leo hawa watoto hawakuwa na masomo? Nani ametoa ruhusa tuwapige picha? Huko kwao mtu baki haingii darasa la watoto wadogo bila shule na wazazi kujua yeye ni nani. Wengi wanaona haya, ila wakiwa mbele yenu hawatasema. Wanaimba na watoto, wanapiga makofi, kisha gari zima linakuwa kimya hadi lango la Manyara.

Kinachowagusa ni mwalimu. Kuna shule nyingine ninayopeleka wageni saa nane, watoto wameshakwenda nyumbani. Mwalimu anakaa nao chini ya mwembe, anawaonyesha daftari za watoto, jiko, sufuria ya uji, anawaambia gunia la unga linakaa siku ngapi. Wanauliza maswali ya watu wazima na wanajibiwa. Hao ndio wanaorudi nyumbani na kuandika barua pepe kuuliza wachangie vipi. Wewe hizo hesabu za vizibo waeleze kama ulivyotueleza sisi, inatosha.

Na pipi naomba muikatae moja kwa moja. Ukitaka kujua kwa nini, simama barabarani siku ya shule uhesabu watoto waliotoka darasani kusubiri magari yanayorusha pipi na kalamu dirishani. Mimi abiria wangu nawakataza kabla hatujafika Makuyuni.

Baba_Wawili

Naheshimu maoni yenu, lakini tuwe wakweli. Nafanya kazi kwenye lodge, nimeona wageni walioingia darasani, wakashika mkono wa mtoto, wakaendelea kutuma fedha miaka na miaka. Mtoto mmoja wa jirani yangu amesomeshwa hadi chuo na mgeni wa namna hiyo. Mtu anayetoa fedha yake ana haki ya kuona inakokwenda. Nusu saa ya wimbo haimuui mtoto. Kukosa uji kunamuumiza zaidi.

Katibu_Mstaafu

Mwalimu, nilikuwa katibu wa kikundi cha utalii wa utamaduni upande wa Meru kwa muda mrefu. Nitakujibu kirefu kidogo kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Utalii huu wa vijijini ulianzishwa huku kaskazini katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Utalii ikisaidiwa na SNV, shirika la Kiholanzi. Ng'iresi, Longido na hapo kwenu Mto wa Mbu ni miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Tangu wakati huo utaratibu ni kwamba mgeni analipa ada ya maendeleo ya kijiji, na ada hiyo ni kando na malipo ya muongozaji na chakula. Ng'iresi ilisaidia shule ya msingi. Longido ikaenda kwenye josho la ng'ombe. Lifikirie hilo josho. Sikuwahi kusikia mgeni akidai aonyeshwe ng'ombe wakiogeshwa ndipo atoe ada yake. Alilipa kwa sababu ametembea kwenye ardhi ya watu, amepita njia zao, amekula kwao. Dola tano zenu ni hizo hizo. Wageni wanapita kwenye majaruba yenu na migomba yenu, na kampuni inauza matembezi hayo. Unapokaa mezani na meneja, usikae kama mwombaji. Fedha hiyo mmeistahili kabla mtoto yeyote hajafungua kinywa kuimba.

Kwa hiyo dai mkataba wa maandishi. Uandikwe kiasi kwa kila mgeni, awe ameiona shule au hajaiona. Kila mwezi mpate idadi ya wageni pamoja na nakala za risiti, na fedha iingie benki kwenye akaunti yenye saini tatu, mmoja wa watia saini awe mzazi. Bahasha za mkononi zikome. Na kampuni ikitaka kujitoa, itoe taarifa miezi sita kabla, ili mwalimu asijue Jumatatu kwamba mshahara wa Ijumaa haupo.

Kuhusu masika: mishahara igawanywe kwa miezi 12 tangu mwanzo. Fedha ya Juni hadi Oktoba na ya Desemba hadi Februari isitumike yote, hata kama kuna rangi ya kupaka. Lakini akiba peke yake haitoshi. Mwaka 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Aprili, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei, na hata hivyo nchi nzima ilipata watalii wapatao 620,000 tu mwaka ule, wakati 2019 walizidi milioni 1.5. Shule nilizozijua zilizotegemea kampuni moja zilifunga milango. Zilizobaki ni zile ambazo wazazi walikuwa wameshazoea kuchangia kitu, hata kama ni kidogo. Ninyi mna mpunga. Kila mzazi atoe debe wakati wa mavuno, na asiye na shamba atoe siku ya kazi. Hapo uji hautasimama, na mzazi aliyetoa debe lake ana sauti kwenye kikao sawa na meneja.

Picha nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto anayetambulika ni taarifa binafsi. Mzazi atoe ridhaa, tena kwa maandishi. Afisa ustawi wa jamii anayesimamia kituo chenu mwombe barua inayosema wageni hawaingii saa za masomo. Ukiwa na barua hiyo, kukataa hakutakuwa ugomvi wako na meneja.

Baba_Wawili, mgeni ana haki ya kuona, sikukatalii. Aone hesabu za fedha, aone mkataba, aone daftari, aone jiko saa nane. Ila tujifunze kwa waliotutangulia. Kambodia walifungua nyumba za yatima nyingi sana pale watalii walipoanza kuzimiminia fedha, na mwaka 2011 serikali yao na UNICEF walipochunguza wakakuta karibu robo tatu ya watoto mle ndani wana mzazi aliye hai. Mtoto akishakuwa ndiye kivutio, atatokea mtu wa kuhakikisha kila siku kuna mtoto wa kusikitikiwa. Mimi hilo silitaki Mto wa Mbu wala mahali popote.

Pwani_Mchangani

Nawasalimu kutoka Unguja. Kwetu kuna Chumbe, kisiwa kilichotangazwa hifadhi mwaka 1994. Vibanda vya kulala wageni ni saba tu. Fedha ya wageni hao inalipa walinzi, ambao wa mwanzo walikuwa wavuvi wa maeneo yale, na inawapeleka wanafunzi wa Unguja kisiwani kujifunza matumbawe. Wapo watoto waliozaliwa hatua chache kutoka baharini ambao siku hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kuvaa miwani na kuona chini ya maji. Kwenye utaratibu ule mtoto ndiye anayetembezwa na kuelezwa. Nimeona niutaje, Mwalimu, pengine hata ninyi mkiomba kiti kimoja cha gari, watoto wenu waingie Manyara waone hao viboko ambao wageni wanavuka bahari kuja kuwaona.

Mwl_Migombani

Nawashukuru wote, na wewe Baba_Wawili pia, kwa sababu hoja yako ndiyo nitakayokutana nayo kwenye kikao.

Nimeongea na meneja kwa simu. Saa nane amekubali, tena haraka kuliko nilivyotegemea, na pipi ameziacha. Picha ndiyo amekaza, anazitaka kwa tovuti yao. Nimemwambia nitampa picha za mikono ya watoto ikiwa kwenye vizibo, na michoro yao, nyuso hapana mpaka kila mzazi asaini. Amesema atafikiria. La viboko nimelitaja mwishoni, akacheka, lakini hakukataa. Nitalirudia.

Mzee Katibu, shikamoo. Swali moja limebaki. Hiyo ada ya maendeleo, shule yetu inaweza kuidai yenyewe kwenye mkataba, au lazima ipitie serikali ya kijiji? Naogopa ikipita huko dola tano zitafika mbili.

Katibu_Mstaafu

Marahaba. Hofu yako naielewa. Mkataba uwe kati ya kamati ya shule na kampuni, lakini mwenyekiti wa kijiji awe shahidi, na mgawo usomwe mkutano mkuu wa kijiji na uingie kwenye muhtasari. Ukishaandikwa mbele ya watu wote, dola tano ni tano. Nitumie ujumbe faragha, nikupe nakala ya mkataba wetu wa zamani, ufute jina la kijiji uweke lenu. Kifungu cha miezi sita usikifute.