Nimesoma mwongozo wa crontab mwanzo hadi mwisho, kumbe si ule: namba ya sehemu inafichwa kwa faida ya nani?

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu, kwa sababu jambo lenyewe limenilia wiki nzima, na mwishowe nimegundua kwamba jibu lake lilikuwa ndani ya mashine yangu tangu siku niliyosakinisha Linux.

Nilitaka kitu kimoja tu: nakala rudufu ya seva itengenezwe saa 9 usiku, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Katika crontab, yaani jedwali la cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba, nikaandika 0 3 1-7 * 1 (dakika, saa kwa hesabu ya saa 24, tarehe, mwezi na siku ya wiki; nyota ni yoyote), nikiamini kwamba maana yake ni siku iliyo kati ya tarehe 1 na 7 na ambayo pia ni Jumatatu. (Kwa cron, Jumatatu ni 1, hata kama jina lake lenyewe linasema tatu, hilo nililimeza mapema bila kulalamika.) Diski ikajaa. Nilipofungua folda ya nakala nikakuta kazi imekuwa ikifanyika kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 7, kisha kila Jumatatu iliyosalia, yaani mara 10 au 11 kwa mwezi badala ya mara moja.

Nilipoomba msaada nilijibiwa kwa maneno mawili: soma mwongozo. Lakini nilikuwa nimeshausoma! Niliandika man crontab (man ndiyo amri ya kufungua kurasa za mwongozo), ukurasa ukafunguka, nikaupitia wote. Unaeleza kwamba -e ni ya kuhariri, -l ni ya kuorodhesha, na -r ni ya kufuta jedwali zima, tena bila kukuuliza kama umekusudia, ilhali r na e zimekaa bega kwa bega kwenye kibodi. Ila huo ni ugomvi wa siku nyingine. Kuhusu zile nafasi tano za muda, ambazo ndizo zilizonipeleka pale, ukurasa haukusema lolote. Mwishoni kabisa, chini ya kichwa kinachomwambia msomaji atazame pia kwingine, palikuwa na maandishi haya: crontab(5). Niliyapita kama mtu anavyopita namba ya ukurasa kitabuni.

Kumbe ile 5 ndiyo mlango. Miongozo imegawanywa katika sehemu: ya 1 ina amri za mtumiaji, ya 2 ina miito ya kernel (kiini cha mfumo), ya 3 ina funksheni za maktaba, ya 4 vifaa, ya 5 miundo ya mafaili, ya 6 michezo, ya 7 mchanganyiko, na ya 8 amri za msimamizi wa mfumo. Jina moja linaweza kuwa na kurasa mbili au tatu katika sehemu tofauti, na usipotaja namba, man inakufungulia ule inaoukuta kwanza, ambao kwa kawaida ni wa sehemu ya 1, kisha inanyamaza kimya kana kwamba hakuna mwingine. Ukiandika man passwd unapata amri ya kubadili nywila, wakati ulichotaka ni muundo wa faili lenye jina hilohilo. Ilitosha kuandika man 5 crontab. Humo imeelezwa wazi kwamba tarehe na siku ya wiki zikiwekewa mipaka zote mbili, kazi itafanyika mojawapo inapotimia. Sentensi moja tu, na mimi nimepoteza wiki nzima kwa kutoijua.

Najua asili ya mpangilio huu. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, ulikuwa kitabu cha karatasi, na msomaji aliyekuwa akifunua kurasa aliziona sehemu zote kwa macho yake. Kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, hufunui chochote, unaona tu ulichofunguliwa. Kosa liko hapo, wala silaumu walioandika kurasa zenyewe, kwani nyingi zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa.

Mtaniambia kwamba ipo man -k ya kutafuta. Ipo, nami niliijaribu kwenye seva ileile, ikanijibu kwamba hakuna kinachofaa. Ukweli ni kwamba faharasa ilikuwa haijatengenezwa. Nilipoendesha mandb, amri ya kuitengeneza, kwa mamlaka ya msimamizi, majibu yakaja yote, crontab ya 1 na ya 5 zikiwa zimefuatana. Kwa nini jibu liwe lilelile, jambo lisipokuwepo kabisa na faharasa inapokosekana? Tena man -k inatafuta katika majina na maelezo mafupi ya mstari mmoja tu. Anayetaka kutafuta ndani ya matini yote atumie K kubwa, man -K, na awe na subira.

Kuhusu info, programu nyingine ya kusomea miongozo, nitasema kwa ufupi. Kurasa kadhaa za man zinakuambia kwamba maelezo kamili yako huko. Niliandika info na jina la amri, na kwa kuwa hati zake hazikuwa zimesakinishwa, nikaonyeshwa ukurasa uleule wa man ulionituma. Nilicheka peke yangu.

Kwa hiyo ombi langu kwa mnaopenda kujibu "soma mwongozo" ni kwamba mwandike na namba. Kuandika "man 5 crontab" hakumchoshi mtu zaidi ya kuandika dharau, na asiyejua kwamba namba hizo zipo hawezi kuziulizia.

Ratiba yangu sasa nimeibadilisha: siku ya wiki nimeiachia nyota, tarehe zimebaki 1-7, na amri yenyewe inapima kwanza kama leo ni Jumatatu kwa date +\%u kabla ya kuanza kunakili. Ule mkwaju wa nyuma (\) kabla ya alama ya asilimia ni wa lazima, kwa kuwa cron huigeuza asilimia tupu kuwa mstari mpya. Hilo nalo limeandikwa katika sehemu ya 5.